Bado Chai

Jumatatu, 3 Juni

Saa kumi alfajiri Noah ya dereva wetu Saimoni imepiga honi mbili, kama kila Jumatatu na kila Alhamisi. Baridi ya Juni. Nimemvika Baba Enesi makoti mawili na kofia ya sufu ya Enesi, ile yenye kishada. Amekikubali kishada. Zamani angekataa.

Mbeya kabla ya saa mbili. Kitanda kilekile cha dirishani. Sindano mbili mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Saa nne nzima, kwa sababu figo zake zimegoma. Mume wangu amekuwa fundi wa mashine za kusaga hapa Itaka tangu kabla hatujaoana, kwa hiyo kule hasomi gazeti, anasikiliza pampu. Leo amemwambia nesi kwamba mashine ya kitanda cha jirani ina mkwaruzo. Wameiangalia. Kweli. Amejivuna mpaka Mlowo.

Kituko cha leo. Alimwambia nesi, "Binti yangu, naomba ruhusa." Nesi akamwonyesha choo kilipo. Amecheka njia nzima. Sikumuuliza alikuwa anaomba ruhusa ya nini. Nilikuwa na usingizi.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya baada ya mashine. Amelala kutwa. Vijiko vinne vya uji. Anajikuna.

Nimeitazama wiki yetu vizuri. Jumatatu ni ya mashine. Jumanne ni ya kitanda. Jumatano anakuwa mtu. Alhamisi mashine tena, Ijumaa kitanda tena. Jumamosi ni mtu nusu. Jumapili miguu imeshaanza kuvimba. Mwaka wa pili huu. Tunapata siku moja na nusu kwa wiki, na hiyo nusu ananuna kwa sababu ya maji.

Maji napima mimi. Kikombe cha bati chenye ua jekundu, vitatu kwa siku, chai na uji humohumo. Ndizi marufuku. Maharage marufuku. Parachichi, ambalo tuna mti mzima uani, marufuku. Ananiita askari magereza. Mimi namwita mfungwa mwenye hila, maana juzi nimemkuta anasukutua kinywa dakika nzima na maji hayatemwi.

Nampenda mzee huyu. Sijui kwa nini nimeandika hivyo leo.

Jumatano, 5 Juni

Siku yake nzuri. Asubuhi ametembea mpaka kwenye mashine ya kusaga, amewakaripia vijana wa watu kwa mkanda uliolegea, amerudi kwa miguu yake. Akaketi kwenye kigoda jikoni. Nilikuwa nachochea moto.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Bado chai," nikasema, bila hata kugeuka.

Niliandike hili vizuri, hata kama najiandikia mwenyewe. Hiyo "bado chai" ni ya mama yangu. Huyu bwana alipokuja kwetu Ibaba kujitambulisha, alinuia kulala siku moja tu. Asubuhi, kwa adabu zake, akaomba ruhusa ya kuondoka. Mama akamjibu bado chai. Chai ikaja na viazi. Akaomba tena, kuku alikuwa anakimbizwa. Akaomba tena, jua limekuchwa na mgeni haondoki giza limeingia. Alikaa siku tatu, mashine ya watu huku Itaka imelala. Tangu tuoane, miaka thelathini na nane, hajatoka mlangoni kwangu bila kuniomba ruhusa, na mimi sijawahi kumpa jibu lingine. Anasubiri, anakunywa, anaenda. Watu wanadhani ninamtawala.

Leo akasema, "Si ile, Mwalimu. Ni ile nyingine."

Hataki tena kwenda Mbeya. Amelifikiria tangu Pasaka. Anajua bila mashine ni siku chache tu, pengine wiki mbili. Alimuuliza daktari siku niliyotoka kwenda dukani. Hana hasira na mtu. Mashine ni nzuri, anasema, tatizo si mashine. Anataka siku zake zirudi zikae pamoja, hata zikiwa chache.

Nimemwaga chai. Yote. Nimemwambia kama anataka kufa akafie kwa mafundi wenzake, si jikoni kwangu. Nikaenda shambani nikachuma kahawa, mbichi na mbivu bila kuchagua. Mtoto wa darasa la kwanza angejua kosa.

Alhamisi, 6 Juni

Amekwenda Mbeya. Kwa sababu nilimjibu bado chai, na mtu mwenye adabu hatoki kabla ya chai. Aliingia kwenye Noah mwenyewe. Nimeona aibu na nimefurahi, vyote viwili.

Nimemvizia daktari koridoni. Binti mwembamba, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Nilitaka amkemee. Badala yake akaniambia, "Mama, hiyo ni haki yake. Atatia saini fomu, sisi tutampa dawa za kumtuliza." Aliitamka haki polepole, kama anamsomesha bibi asiyejua kusoma. Mimi. Nimefundisha Uraia darasa la saba mpaka nimestaafu. Ukutani nilikuwa na bango la Haki za Binadamu, na namba moja niliiandika kwa wino mwekundu, Haki ya Kuishi.

Nikamuuliza, haki hiyo kapewa na nani. Akasema sheria. Nikamuuliza, na sheria ilipewa na nani. Akasema ana wagonjwa wanamsubiri.

Nimemchukia kidogo. Ana mikono mizuri, lakini.

Ijumaa, 7 Juni

Yeye kitandani, mimi kwenye sanduku la vitabu. Nimelipata daftari la maandalio. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, jamani.

"Haki za binadamu hazitolewi na serikali. Mtu huzaliwa nazo. Katiba huzitambua na kuzilinda." Watoto walikariri hivyo. Nami nilikuwa nimekariri. Mmoja angeniuliza zilikuwa wapi kabla hajazaliwa, ningemjibu kwa Mungu, na kengele ingelia, na sote tungekwenda kula.

Upande wa kushoto haki, upande wa kulia wajibu. Haki ya kupiga kura. Uchaguzi mmoja nililala na malaria na hakuna aliyekuja kunikamata. Haki ya kusema. Kuna siku nanyamaza, ingawa ni chache. Haki ya kuabudu. Jirani yetu hajaingia kanisani tangu alipobatizwa na bado anaitwa raia. Haki zote hizo mtu anaweza kuzitua chini akapumzika. Kwenye Haki ya Kuishi, wajibu nilioandika ni "kutomuua mwingine." Juu ya mtu na uhai wake mwenyewe sikuandika kitu. Mstari mtupu, miaka yote hiyo, na mkaguzi hakuuona. Haki usiyoweza kuitua hata ukichoka, hiyo si ni mzigo?

Nimejipa alama mbili kati ya kumi.

Hata hivyo sitaki aende. Hilo halihitaji daftari.

Jumapili, 9 Juni

Enesi na mumewe Hamisi wamekuja kutoka Tunduma. Niliwaita mimi. Nilitaka jeshi. Hamisi ni mtu wa Kondoa, ana malori yanayovuka kwenda Zambia, na ni mpole kuliko kazi yake. Safari zote za Noah ni mpango wake.

Enesi amekuja na sauti ya mpakani, ile ya kugombana na madereva. Hajakaa, ameshaanza. "Bima ipo, gari lipo, Mama yupo. Wewe unataka nini tena? Huko ni kujiua, Baba. Ni dhambi na ni kosa."

Baba yake alisubiri amalize. "Mwanangu, anayejiua anakifuata kifo. Mimi naacha tu kukikimbia. Miguu imechoka."

Hamisi akasema, kwa heshima zote, kwamba roho ni amana, mwenyewe ni Mungu, mtu hana idhini ya kuitupa. Mume wangu akakubali kwa kichwa. "Siitupi, mkwe wangu. Nitakaa nayo hapa barazani mpaka Mwenyewe aifuate. Ila nimechoka kuisafirisha Mbeya." Hamisi akatazama viatu vyake. Akasema atamuuliza sheikh wake.

Ndipo Mzee akamwomba Enesi ruhusa, kwa neno hilohilo. Enesi akainuka akaenda shambani, hakurudi mpaka gari linawashwa. Ameondoka bila kumuaga baba yake. Hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe. Mzee amekaa akiutazama ule mwanya wa uzio alikopita.

Jeshi langu limeshindwa, basi nikatumia hila. Nimemwambia asubiri kahawa iingie, mwezi mmoja na nusu tu, ndipo tuzungumze. Aliniangalia sana.

"Hiyo ni chai ndefu, Mwalimu."

Lakini amekubali. Nimeshinda.

Jumatatu, 10 Juni

Mashine. Ilipoingia saa ya tatu, presha ikashuka na misuli ya miguu ikamkaza. Mtu huyu aliwahi kukatwa kidole na mkanda akamaliza kwanza gunia la watu ndipo akatafuta kitambaa. Leo amelia kwa sauti. Nilimshika kigimbi nikasugua mpaka viganja vikawaka. Akaniomba radhi. Mimi. Kisha akawaomba radhi manesi, na jirani yake wa kitanda kwa kumwamsha.

Na anayavumilia hayo kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kahawa yangu, ambayo hata ikikaa mtini wiki moja zaidi haitaumia. Nililijua palepale nikiwa nimemshika mguu. Bado sikusema kitu. Mimi ni mwoga.

Hamisi alipiga simu tukiwa njiani. Sheikh wake amesema wanazuoni wametofautiana juu ya tiba isiyoponya, na wapo wasemao mtu akiiacha hana dhambi. Kwa hiyo yeye Hamisi amempa Mzee ruhusa. Sauti ilimkatika, akasingizia mtandao.

Jumanne, 11 Juni

Kitandani. Vijiko viwili.

Nimemkumbuka marehemu baba yangu. Siku ile ya tatu kule Ibaba, Mama ameshika jogoo mwingine mkononi, Baba akamwambia, "Mwachie mgeni aende. Ukimzuia sana ataichukia nyumba." Mama alinuna wiki nzima. Lakini alimwachia. Na yeye akarudi, akanioa.

Nimekuwa mwenyeji mbaya. Nimeandika, nimekata, nimeandika tena. Mwenyeji mbaya.

Mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya sindano, unanguruma. Ukiweka kiganja unausikia. Anasema ndiyo mashine pekee maishani mwake ambayo hajawahi kuifungua. Leo nimekaa na kiganja changu pale mpaka jua la mchana likaingia dirishani, yeye kalala, mdomo wazi, kishada kimemwangukia jichoni. Haki inatoka wapi sijui, na sasa nadhani sikuwahi kujua. Ninachojua ni kwamba damu hii inayonguruma ilikuwa yake kabla sijaonana naye. Sikumpa mimi. Siwezi kuishika kwa kumpigia hesabu ya kahawa.

Jumatano, 12 Juni

Amekuwa mtu. Ameoga, amenyoa ndevu, amekuja kwenye kigoda chake. Akaanza, "Mwalimu," nikamwambia anyamaze kwanza.

Nikabandika chai. Maziwa, tangawizi, majani ya kutosha, sukari bila huruma. Kile kikombe cha ua jekundu sikukigusa. Nimeshusha kikombe kikubwa cha wageni, nikajaza mpaka ukingoni, nikampa kwa mikono miwili. Akakitazama. Akanitazama. Fundi haelezwi mara mbili.

Alikunywa taratibu, macho kayafumba, mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini. Kisha akaomba ruhusa, kwa sauti ileile ya Ibaba ya kijana anayewaogopa wakwe.

Miaka thelathini na nane sikuwa na jibu la pili. Nikamwambia lile ambalo mwenyeji humwambia mgeni aliyekaa vizuri.

"Karibu tena."

Amecheka mpaka akakohoa. Kisha tumelia, wote wawili, kama watoto waliovunja chungu cha watu. Moto ulizimika, hakuna aliyeuona.

Alhamisi, 13 Juni

Honi mbili. Nimetoka na khanga begani. Nimemwambia Saimoni arudi tu, leo hatuendi, na Jumatatu hatuendi. Alizima injini akakaa. Kisha akashuka, akaingia kumwamkia Mzee, akatoka bila kunitazama usoni.

Nimempigia daktari. Leo hakunisomesha. Hamisi atapita kuchukua fomu na dawa, za kupumua na za kujikuna, na nesi wa zahanati yetu atakuja kila siku. Mwishoni yule binti aliniuliza mimi naendeleaje. Nimefuta ile chuki.

Mchana Enesi ameingia na begi kubwa. "Mimi ruhusa sijampa," akaniambia mlangoni, kabla hata ya shikamoo. "Nimekuja kukaa tu." Nikamwonyesha chumba chake kana kwamba hakijui. Jioni nimemkuta anamkata baba yake kucha za miguu, wanagombania kofia ya kishada ni ya nani.

Jumatatu, 17 Juni

Wiki yetu imepata siku. Ijumaa alikuwa mtu. Jumamosi mtu. Jana mtu, akaimba tenzi mbili barazani na kukosea beti zote. Parachichi zima na chumvi. Ndizi mbili. Anakula huku anatazama nyuma, mazoea ya mwizi. Anakaa juani anaisikiliza mashine ya kusaga ikifanya kazi kule barabarani. "Mkanda," anasema, na kweli, haipiti dakika inazimwa.

Leo amechoka mapema. Miguu imejaa. Anasema haogopi, ana usingizi tu. Mimi naogopa. Naandika nisije nikasahau kwamba niliogopa na bado nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 20 Juni

Analala zaidi. Akiamka ananiita Mwalimu, anarudi kulala. Mchungaji alikuja. Nilijiandaa kubishana naye, nilikuwa na daftari mezani kabisa. Hakubishana. Aliomba sala fupi, akamkanda miguu, akaenda zake.

Enesi alikaa na baba yake asubuhi yote, mlango umerudishwa. Alipotoka alikuja moja kwa moja jikoni.

"Nimempa," akasema.

Akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumapili, 23 Juni

Amekwenda. Asubuhi, kengele ya kwanza ya kanisa. Kiganja changu kilikuwa pale mkononi mwake. Ukanguruma, ukanguruma, ukanyamaza.

Hakuteseka. Nilikuwepo. Basi.

Jumatano, 24 Julai

Kahawa imeingia. Mwezi mmoja na nusu kamili, kama nilivyomwambia.

Enesi amerudi Tunduma. Anapiga simu asubuhi na jioni kunikaripia, nimekula nini, nimevaa nini. Kofia ameniachia. Noah hupita mapema na wagonjwa wengine. Saimoni hapigi honi kwangu. Anapunguza mwendo tu, kisha anaendelea.

Leo nilikuwa nakwenda kusaga. Nimejitwisha mahindi, nimefika mlangoni, mdomo ukasema wenyewe, naomba ruhusa. Nikasimama kusubiri jibu. Ndiyo adabu. Mahindi yalikuwa mazito.

Nikayatua. Nikarudi jikoni nikabandika chai, kikombe kimoja, chenye ua jekundu. Nimekaa kwenye kigoda chake nikainywa yote. Ndipo nikaenda.

Pale mashineni nilisubiri zamu yangu na wenzangu. Nikasikia kitu. Nimewaambia mkanda umelegea. Wameuangalia. Kweli.